Mfanyabiashara wa dagaa aliyeshindwa kuvuka uani: kisa cha hofu kali Kigoma

Familia ilikuwa imeshaamua. Kaka mtu, anayeishi Tabora, alikuwa ametuma nauli, na wifi alikuwa amekubali kusindikiza. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kumdunga mgonjwa sindano ya usingizi ili aweze kupandishwa basi la alfajiri kwenda Dodoma, akalazwe hospitali ya akili ya Mirembe. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na niliitwa kwa ajili ya hiyo sindano.

Mgonjwa ni mama wa miaka 34, mama wa watoto watatu, mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Taarifa zinazoweza kumtambulisha nimezibadili, naye amekubali kisa chake kiandikwe. Siku naitwa, alikuwa na miezi minne hajavuka uani. Chooni alisindikizwa. Usiku alilala wifi yake akiwa amemshika mkono, kwa sababu akifumba macho peke yake moyo ulianza kwenda mbio na pumzi kukata. Alikuwa amekonda mpaka gauni za zamani zinamwanguka mabegani. Kwa hiyo ninapoeleza hapa kwa nini sindano ile haikupigwa, sisemi kwamba familia ilikosea kuogopa. Hali ilikuwa mbaya kweli.

Chanzo tulikipata kwa kuzungumza polepole. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mtu anayeishi kwa dagaa, miezi mitatu ni mirefu. Alikuwa na mkopo wa kikoba, na marejesho hayakusubiri ziwa lifunguliwe. Akachukua mkopo wa pili, wa kausha damu, yaani ule wa riba kubwa, ili alipe wa kwanza. Ziwa lilipofunguliwa dagaa walikuwa ghali, akanunua hivyo hivyo, akafunga magunia na kupanda basi la kwenda Tabora, huku akiwa hajalala usiku mbili akipiga hesabu.

Basi lilipovuka daraja la Malagarasi, ghafla moyo ulianza kudunda hadi masikioni. Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi, kisha vikakakamaa na kujikunja. Macho yakaona kama mbali, jasho jembamba likamtoka, na neno moja likamjaa kichwani: nakufa. Abiria wakapiga kelele, dereva akasimamisha basi. Akateremshwa Nguruka, magunia yakaendelea na safari. Alipofika kwenye matibabu, robo saa baadaye, hali ilikuwa imeshatulia nusu, lakini mapigo yalikuwa bado juu na presha imepanda. Akaambiwa ana presha. Hilo neno alilibeba hadi nyumbani, na ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko tukio lenyewe.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kupima. Malaria, taifodi, UTI, malaria tena. Kila mahali alipewa dawa ya kitu fulani, akajisikia nafuu siku mbili, kisha ikarudi. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka salama, lakini hakuna aliyekaa naye chini akamweleza maana ya kuwa salama. Alielewa kwamba ugonjwa wake umewashinda wataalamu. Hapo ndipo muuza dawa mmoja alipomwonea huruma akampa vidonge vya diazepamu, valiamu kama wengi tunavyoviita, bila cheti. Vilimsaidia siku ile ile. Miezi minane baadaye alikuwa anameza vya miligramu 5 mara tatu mchana na viwili usiku, na bado anatetemeka.

Wakati huo dunia yake ilikuwa inapungua. Kwanza aliacha mabasi. Halafu akaacha boti za kwenda Mwamgongo na Kagunga, alikokuwa anafuata mzigo wa bei nafuu. Soko la Mwanga likafuata, kwa sababu ya joto na msongamano, kisha duka la jirani, kisha kibaraza. Kila alichokiacha kilimpa nafuu ya siku hiyo, na nafuu hiyo ndiyo iliyoulisha ugonjwa. Mtu akikimbia kitu na moyo ukatulia, ubongo hauandiki kwamba kitu kile hakikuwa na hatari. Unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikookoa maisha. Kesho yake mpaka unasogea hatua nyingine ndani.

Familia haikukaa bure. Walimwita shehe kutoka Ujiji, akasoma kisomo na kuacha kombe la kunywa, na mama huyu ananiambia kwamba zile jioni za kisomo ndizo pekee alizopata usingizi wa kweli. Sina sababu ya kumbishia. Mganga waliyemwendea baadaye ndiye aliyeleta madhara. Alitaka mbuzi na fedha ambazo zilikopwa, kisha akamkataza kuvuka maji kwa siku 40. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake wote ni kuepuka, aliongezewa amri ya kuepuka, tena yenye kiapo. Siku 40 zilipokwisha hakuthubutu hata kulitazama ziwa.

Kabla ya kuzungumzia Dodoma au kidonge chochote, kulikuwa na maswali ya kuuliza. La kwanza, nililouliza wifi akiwa ametoka nje: umewahi kuwaza kujiua? Wengi huogopa kuliuliza wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi wazo, linampa nafasi ya kusema. Alilia, akasema amechoka, anaomba Mungu amchukue, lakini hajapanga lolote na hawezi kuwaacha watoto. Nikauliza kama anasikia sauti, kama anakunywa pombe au vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kama aliwahi kupata degedege, kama ana pumu, kama ni mjamzito. Hospitali ilipima damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikizidisha kazi mtu hutetemeka na kukonda na moyo kwenda mbio kwa namna inayofanana sana na hofu. Tezi na sukari zilikuwa sawa. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma.

Jina la ugonjwa wake, kwa lugha ya kliniki, ni mashambulizi ya hofu ya ghafla yaliyoambatana na hofu ya mahali ambapo mtu anaona hatoki upesi au hatapata msaada. Hana wazimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba. Nilimwambia takwimu hiyo kwa sababu alikuwa anaamini yuko peke yake.

Mume wake ni mvuvi, kambi yake iko kusini mwa ziwa, na hurudi nyumbani kwenye mbalamwezi, mwezi unapozishinda taa na dagaa hawasogei. Tukaitisha kikao cha familia siku hizo ili naye awepo. Kaka alikuja kutoka Tabora. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, mgonjwa mlangoni kwake, nusu ndani nusu nje.

Kaka alisema alichokuja kusema: "Nesi, sisi tumejaribu vidogo vyote. Sasa tunataka tiba kali." Hilo ndilo swali halisi la kisa hiki, na nadhani ndilo swali la familia nyingi. Tiba kali ni ipi? Kwake kaka, ukali ulipimwa kwa umbali, kwa kitanda na kwa nguvu ya dawa. Nilijibu kwa kuziweka njia zote mezani, moja moja, na kuieleza kila moja inafaa nini.

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kuna watu ambao kuwapeleka huko ni kuokoa maisha. Mtu aliyepanga kujiua na ana njia ya kufanya hivyo. Mtu asiyekula wala kunywa. Mtu aliyechanganyikiwa, anayesikia sauti zinazomwamuru. Mtu anayeacha pombe au dawa za usingizi za kiwango kikubwa na ameshaanza degedege. Kama mama huyu angenijibu tofauti lile swali la kwanza, mimi mwenyewe ningetafuta gari usiku ule, kwanza kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, kisha mbele zaidi kama wangeona inafaa. Hofu yake ilikuwa kali, ila hakuwa kwenye kundi hilo.

Na kwa ugonjwa huu kitanda kina kasoro yake. Wodini hakuna basi, hakuna boti, hakuna mdai anayegonga mlango, na kuna mtu wa zamu saa 24. Mgonjwa hupata nafuu, familia hushangilia, kisha akirudi Kibirizi anakuta kila kitu kiko pale pale alipokiacha, naye hajafanya nacho mazoezi hata mara moja. Tena angefikaje? Kwa sindano, amelala. Mtu anayeamini kwamba basi litamuua angepakiwa kwenye basi bila fahamu, na kwa akili yake hiyo ingekuwa hoja ya mwisho kwamba basi halipandiki ukiwa macho.

Binamu aliyeko Marekani alikuwa amewatumia ujumbe mrefu kuhusu tiba za huko. Alichoeleza ni kweli. Huko kati ya kliniki ya mara moja kwa wiki na kulazwa kuna hatua za katikati: programu ambapo mtu anakuja saa tatu kwa siku, siku tatu hadi tano kwa wiki, akirudi kulala kwake, na nyingine za karibu mchana kutwa. Kuna pia nyumba za kukaa kwa wiki kadhaa. Hapa kwetu hatua hizo za katikati hazijajengwa, na mwanasaikolojia tiba ni mtu wa kutafutwa kwa rufaa. Lakini nilimwomba kaka aangalie kinachofanyika ndani ya programu hizo, maana majengo yasitupoteze. Kwa magonjwa ya hofu, kiini chake ni kumsogeza mtu kwenye kile anachokiogopa, kwa mpango, mara nyingi, kwa muda mrefu wa kutosha, kila siku.

Hilo lina historia. Lars-Göran Öst wa Sweden alionyesha mwaka 1989 kwamba hofu ya kitu kimoja, kama buibui, inaweza kutibiwa kwa kikao kimoja cha hadi saa tatu. Bergen, Norway, Gerd Kvale na Bjarne Hansen walitengeneza tiba ya siku nne mfululizo kwa watu wenye mawazo ya kujirudia yanayowalazimisha kurudia vitendo, na baadaye ikajaribiwa kwa watu wenye mashambulizi ya hofu kama mama huyu. Uingereza, Anke Ehlers na David Clark walibana tiba ya miezi ya watu waliopatwa na majanga ikawa ya siku saba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikaribiana na ya wale waliokwenda kila wiki. Ukali uliomo katika kazi zote hizi ni wa kubana mazoezi yakae karibu karibu, kabla hofu haijapata wiki nzima ya kujenga ukuta upya.

Kaka alinyamaza, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Na dawa je?"

Dawa zipo, na sikutaka aone kama nazidharau. Kwa hofu ya aina hii zinazoanziwa ni zile za jamii ya fluoksetini, ambayo hapa nchini inapatikana na bei yake si ya kutisha. Daktari wa kliniki alimwanzishia miligramu 10, nusu ya kiwango cha kawaida, kwa sababu wiki mbili za mwanzo dawa hii inaweza kumwongezea mtu wasiwasi kabla ya kuupunguza. Hili lisiposemwa, mgonjwa wa hofu huacha dawa siku ya nne akiamini inamuua. Nafuu huja wiki ya nne hadi ya sita, wakati mwingine baadaye. Mtu akishapona huendelea nayo kwa miezi kadhaa, mara nyingi karibu mwaka, kisha hupunguziwa taratibu.

Diazepamu ni habari nyingine. Imekusudiwa kwa siku chache, na mwili huizoea haraka, ukadai zaidi. Katika ugonjwa huu ina ubaya wa pili: kila ukishinda zoezi ukiwa umeimeza, ushindi unaandikwa kwa jina la kidonge. Mume alipolisikia hilo alinyanyuka avitupe chooni. Nilimzuia. Aliyezoea diazepamu kwa miezi minane akiikata siku moja anaweza kupata degedege, na hofu itakayorudi itakuwa kali kuliko ile ya kwanza. Ilipangwa kupunguzwa miligramu mbili na nusu hadi tano kila baada ya wiki mbili, na mwendo uwe wa polepole zaidi kuelekea mwisho, ambapo ndipo pagumu. Jamani, natamani kila duka la dawa muhimu lingeandika hili ukutani.

Kikao kikakubali: dawa kupitia kliniki, diazepamu kushuka polepole, na wiki mbili za mazoezi ya kila asubuhi pale pale anapoishi, wifi akiwa msaidizi. Nauli ya Dodoma ikawekwa. Tukakubaliana pia jambo ambalo kaka alilihitaji: dalili ambazo zikionekana, safari inarudi mezani bila ubishi. Akianza kuzungumzia kufa kwa mpango, akiacha kula, akipata degedege.

Asubuhi ya kwanza hatukutoka nje. Tulikaa chumbani kwake, mimi kwenye kiti, yeye kitandani, wifi mlangoni. Nilimweleza jinsi duara linavyozunguka, kama alivyolieleza David Clark mwaka 1986: moyo unadunda kwa sababu yoyote, joto, njaa, hasira, kukosa usingizi, mtu anautafsiri kuwa ni kifo, tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inauongezea moyo kasi, na kasi mpya inathibitisha tafsiri. Mwili wake ni mlinzi wa zamu anayepiga filimbi kwa kila paka anayepita. Filimbi ni ya kweli, sauti ni ya kweli, mwizi ndiye hayupo. Na ukipumua haraka haraka kwa hofu, unatoa nje hewa ya kaboni kupita kiasi, na hapo ndipo ganzi ya midomo, kizunguzungu na vidole kukakamaa vinapotoka.

Maneno hayo aliyasikia, ila hakuyaamini, na sikutegemea ayaamini. Nikamwomba tupumue haraka pamoja kwa dakika moja. Kabla ya kuanza aliandika kwenye daftari la mwanawe kile alichotarajia kitokee: nitaanguka, nitazimia, moyo utasimama. Tukaanza. Sekunde arobaini tu akanishika mkono: "Ndiyo hii! Daktari, ndiyo hii inayoniua!" Vidole vyake vilianza kujikunja mbele ya macho yetu. Wifi akanyanyuka na upepeo. Nikamwomba akae chini, asipepee, asilete maji, asimsomee kitu kwa wakati ule. Tukabaki tumekaa. Mama alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, vikakaza, vikakaa hivyo, kisha kimoja kimoja vikalegea. Hakuna aliyefanya lolote. Nikamwomba aandike kilichotokea. Aliandika: vidole vilikaza, sikuanguka, viliachia vyenyewe. Akalisoma neno lile la mwisho mara mbili.

Tulirudia na kurudia asubuhi ile, kisha tukazunguka kwenye kiti mpaka kizunguzungu kije, kisha tukaruka papo hapo mpaka moyo upande. Shabaha haikuwa kuizuia hofu isije. Ilikuwa aialike yeye mwenyewe, aitazame ikipanda, na aione ikishuka. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea kupanda bila mwisho. Na kuzimia, jambo aliloliogopa zaidi, si kawaida katika hali hii, maana wakati wa hofu presha hupanda, na kuzimia kwa kawaida huja ikishuka.

Siku zilizofuata tulitoka. Kibaraza, duka, barabara ya lami, bajaji hadi Mwanga sokoni saa sita mchana, saa ambayo jua liko utosini na watu wamebanana. Ndipo nilipogundua kitu. Kila tulipotoka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika pindo la kanga. Nikamuuliza kuna nini. Akaona haya, akalifungua fundo: kidonge kimoja cha diazepamu, kimeshaanza kumomonyoka, unga mweupe umeshika nyuzi. Hicho hakikuwa sehemu ya dozi yake ya kliniki. Hakukimeza, miezi yote hiyo. Alikibeba tu. Pamoja nacho alikuwa na limau la kunusa, chupa ya maji, na simu iliyofunguliwa tayari kwenye namba ya mume.

Mtu anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima na asipone akiwa na vitu hivyo mkononi, na ndiyo maana tiba ya namna hii inahitaji jicho la karibu. Sokoni hakufa, ila kwa hesabu yake hakufa kwa sababu ya limau, kwa sababu ya kidonge. Tulianza kuviacha nyumbani kimoja kimoja, chepesi kwanza. Limau likaachwa, kisha maji, kisha simu ikazimwa. Kidonge kilikuwa cha mwisho. Alimkabidhi mama mkwe, akarudi kukichukua, akamkabidhi tena. Siku ile sokoni ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza kabisa, na ilikuwa na faida kuliko zote zilizotangulia.

Boti ilitushinda mara ya kwanza. Alifika ufukweni Kibirizi, akaiona ikipakia watu na mabati ya kwenda vijiji vya kaskazini, miguu ikagoma. Kurudi nyumbani pale pale kungeipa hofu ushindi, kumsukuma ndani kungevunja uaminifu. Tukaomba boti nyingine iliyofungwa kamba, haisafiri siku hiyo, akaingia akakaa humo ikiyumba na mawimbi mpaka hofu ikashuka yenyewe, huku wanawake wanaoanika dagaa wakimuuliza kwa sauti alikuwa wapi siku zote. Shehe wa Ujiji alitusaidia hapa kuliko alivyojua. Wifi alimweleza habari ya katazo la kuvuka maji, naye akamwambia mgonjwa kwamba dua ya safari imewekwa kwa ajili ya anayesafiri. Wiki hiyo hiyo alivuka hadi Mwamgongo na kurudi, na dua yake mdomoni.

Basi la Uvinza lilifuata, kwanza na wifi kiti cha nyuma yake, kisha wifi akabaki stendi. Peke yake, alipata shambulio la katikati ya njia. Hakumwomba dereva asimame. Aliandika kwenye daftari akiwa ndani ya basi, mwandiko umepinda.

Kuna la kusema kuhusu wifi. Hakusoma saikolojia, aliishia darasa la saba, lakini baada ya siku chache alijua lini anyamaze na lini aulize "uliandika nini?" Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kazi ya Dixon Chibanda imeonyesha kwamba bibi wa mtaani aliyefundishwa vizuri na kukaa benchi moja na mgonjwa anaweza kumsaidia mtu mwenye sonona na wasiwasi, utafiti wake ulichapishwa mwaka 2016. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu, akisimamiwa. Kwa mkoa kama Kigoma au Tabora, ambako wataalamu ni wachache na vijiji viko mbali, sioni njia ya kupata tiba ya kila siku isipopitia watu kama wifi huyu. Kliniki inabaki ya lazima kwa dawa, vipimo na usimamizi. Maweni kwa huku, Kitete kwa walio Tabora. Saa za katikati lazima zijazwe na mtu wa nyumbani aliyeelekezwa, maana mtu wa nyumbani asiyeelekezwa, kwa upendo wake wote, hupepea.

Deni halikutibiwa na chochote kati ya hivi. Nililisema kwenye kikao na nalisema hapa, kwa sababu naona tukiwafundisha watu kupumua huku tukiacha kinachowakosesha usingizi. Afisa ustawi wa jamii alikaa naye wakaandika kila anachodaiwa na nani. Kikoba kilimwongezea muda. Wanawake wale walikuwa wanadhani amewakimbia. Mkopeshaji wa kausha damu hakupunguza hata shilingi, na nauli ile ya Dodoma, kwa ridhaa ya kaka, ilikwenda kwake kama sehemu ya malipo.

Wiki mbili zilipokwisha hakuwa amepona. Alikuwa anatoka, analala peke yake, anauza dagaa meza ya jirani kabla ya kurudia meza yake. Mashambulizi yalipungua, ila yalikuwepo. Mwezi wa tatu alipata homa, moyo ukaenda mbio, akajifungia siku nne. Wifi alinipigia. Tukarudi kwenye kiti cha kuzunguka na daftari, siku mfululizo, na safari hii ilichukua muda mfupi zaidi kwa sababu hakuwa anajifunza upya. Kurudi nyuma kwa namna hiyo tulikuwa tumekitaja kwenye mpango tangu mwanzo, pamoja na nani apigiwe simu.

Diazepamu ilikwisha mwezi wa tano. Fluoksetini imefika miligramu 20, anaendelea nayo, na daktari atamwona tena kabla ya kufikiria kuipunguza. Mwamgongo na Kagunga anakwenda, peke yake, giza hadi giza, mzigo unapopatikana. Basi la Tabora bado. Amefika Nguruka na kurudi, mahali pale alipoteremshwa. Safari nzima ameipanga msimu huu kabla ziwa halijafungwa tena, akiwa na magunia, na kaka atampokea stendi.